Kicheza video cha kulipia: fedha yako inanunua nini hasa?

Waulize watumiaji wa kompyuta kama kuna haja ya kununua programu ya kuchezea video, na utapata majibu mawili yanayogongana. Wa kwanza atakuambia kwamba VLC, kicheza video cha bure, inafungua kila kitu, haina tangazo hata moja na haiombi namba ya kadi ya benki, sasa ulipie nini? Wa pili atakuambia kwamba alihangaika na programu za bure kwa miaka, na alipolipia akaona picha imetulia, filamu zimejipanga zenyewe pamoja na majalada yake, na hana mpango wa kurudi alikotoka. Ubishi huu una zaidi ya miaka 20 na haujapata mshindi, kwa sababu wote wawili wanasema kweli. Wanazungumzia kazi tofauti, mashine tofauti, na mara nyingi hata faili tofauti.

Kinachowachanganya wengi ni bei yenyewe. Tumezoea kuamini kwamba kitu cha bei kubwa kimetengenezwa vizuri zaidi, na methali imetukaa kichwani kwamba rahisi ni ghali. Kwenye vicheza video imani hiyo inafanya kazi kwa sehemu ndogo sana. Sehemu kubwa ya unachokilipia ni vibali: hataza za kodeki (haki za wavumbuzi wa mbinu za kubana na kufungua video), funguo za diski, ruhusa ya kutumia teknolojia fulani za sauti na picha. Kinachobaki ni urahisi wa matumizi. Ubora wa picha, ambao ndio hoja inayopigiwa kelele kuliko zote, unategemea malipo kwa kiasi kidogo mno kulinganisha na wanavyodai wauzaji.

Yanayotokea ukibofya faili

Programu huanza kwa kufungua chombo kilichobeba video. MKV, MP4 na AVI ni majina ya makapu tu. Ndani ya kapu kuna mkondo wa picha, mkondo mmoja au zaidi wa sauti, na pengine manukuu, yaani yale maandishi yanayopita chini ya picha. Ndiyo maana faili mbili zenye mwisho uleule wa .mp4 zinaweza kukusumbua kwa namna tofauti: moja inacheza bila shida, nyingine inatoa sauti huku skrini ikiwa nyeusi. Kapu ni la aina moja, kilichomo ndani kimesukwa kwa kodeki nyingine. Mikondo ikishatenganishwa, kila mmoja hupelekwa kwa kisimbuzi chake, yaani sehemu ya programu inayoifungua data iliyobanwa, kiwe cha H.264, HEVC, VP9 au AV1. Picha zikishasimbuliwa hurekebishwa rangi, hukuzwa au kupunguzwa zitoshe skrini, huendanishwa na sauti, ndipo unaziona.

Kusimbua ndiko kuzito, na ndiko ambako watu hudhani programu ya kulipia inafanya vizuri zaidi. Haiwezi. Viwango vya H.264 (2003), HEVC (2013) na AV1 (2018) vimeandikwa kwa namna ambayo data ileile lazima itoe pikseli zilezile, namba kwa namba, kwenye kisimbuzi chochote kinachofuata kanuni. Kisimbuzi cha kununua na cha bure vikitoa matokeo tofauti, basi kimojawapo kina kasoro. Tofauti inayoruhusiwa ni ya kasi na ulaji wa umeme, na huko nako, kwenye kompyuta nyingi za sasa, kazi hufanywa na saketi maalumu iliyomo kwenye kadi ya picha au prosesa. Saketi hiyo haijui kama programu inayoiamrisha ilinunuliwa au la.

Tena programu nyingi zinategemea chanzo kimoja. FFmpeg, mradi huria (wenye msimbo ulio wazi kwa wote) ulioanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2000, ndio unaobeba sehemu kubwa ya usimbuaji ndani ya VLC, mpv, MPC-HC na nyinginezo nyingi. Leseni yake inawaruhusu hata wafanyabiashara kuutumia kwa masharti, nao wanautumia. Kwa hiyo mtu anaweza kuhama kutoka programu ya bure kwenda ya kulipia na bado picha zake zikasimbuliwa na msimbo uleule.

Je, yule aliyeona picha imetulia baada ya kulipia alijidanganya? La. Aliona tofauti ya kweli, isipokuwa imetokea baada ya kusimbua, katika hatua ambazo hazikubanwa na kiwango chochote. Hapa ndipo panapostahili kukaa, kwa sababu malalamiko mengi kuhusu picha za programu za bure yanazaliwa hapa.

Chukua suala la mwanga. Video nyingi huhifadhi weusi kama namba 16 na weupe kama 235, lakini skrini ya kompyuta hutumia namba 0 hadi 255. Lazima pawe na anayebadilisha kipimo kimoja kwenda kingine. Programu ikidhani kadi ya picha itafanya, na kadi ikadhani programu imeshafanya, weusi hubaki kijivu na picha nzima hupauka. Watu wengi waliosema VLC ina picha zilizopauka walikuwa wanatazama kosa hili, na dawa yake mara nyingi iko kwenye mipangilio ya kadi ya picha, pale panapochaguliwa kipimo cha 0–255 kwa video. Ni dakika moja ya kazi. Programu ya kununua inayokuja ikiwa imeshapanga jambo hilo itaonekana bora kwa mbali, na mtumiaji atatoa ushuhuda wa dhati kwamba malipo yameleta picha nzuri.

Ndivyo ilivyo pia kwa rangi. Video za ubora wa kawaida na zile za ubora wa juu hutumia kanuni mbili tofauti za kugeuza data kuwa rangi, na programu ikikosea kubahatisha, nyuso za watu huelekea wekundu au ukijani kidogo. Kosa hili ni dogo, lakini akishalionyeshwa mtu mara moja halimtoki tena machoni.

Video za HDR, yaani zenye upana wa mwanga mkubwa kuliko za kawaida, ni ngumu zaidi. Filamu ya HDR inaweza kuwa imetengenezwa kwa mwanga wa niti (kipimo cha mng'ao wa skrini) 1,000 au zaidi, ilhali skrini nyingi za kompyuta hufikia niti 300 hivi. Mtu anapofungua filamu hiyo kwenye skrini ya kawaida, programu inapaswa kuamua mwanga upi ubanwe na upi uachwe. Hakuna jibu moja sahihi, kuna uamuzi tu, na kila mtengenezaji ameamua kivyake. Programu isiyojua kabisa kubana itakupa picha ya kijivu kama moshi. Ukisoma maoni kwamba programu fulani inaharibu filamu za 4K, jambo la kwanza la kuuliza ni kama mtoa maoni ana skrini ya HDR au hana.

Halafu kuna urembo. Programu za kibiashara hupenda kuwasha vichujio vya kunoa kingo, kuongeza rangi na kulainisha mwendo. PowerDVD ya CyberLink ina kundi zima la vichujio hivyo chini ya jina la TrueTheater. Wapo wanaovipenda na siwabezi, hasa kwa video za zamani zenye ukungu. Lakini picha iliyonolewa imeongezewa kitu ambacho hakikuwamo. Anayesema programu yake ya kulipia inaonyesha maelezo yaliyofichwa na VLC, mara nyingi anaona kingo zilizochorwa upya na kichujio.

La kushangaza kwa wanaoamini bei ni kwamba wanaojali picha kupita wote, wale wanaosimamisha filamu na kuchunguza fremu moja moja, wengi wao wako upande wa bure. Mpv, iliyotoka mwaka 2013 kama tawi la MPlayer, ina mbinu za kukuza picha na kubana HDR ambazo wapenzi wa picha wanaziheshimu sana. Kwenye Windows kuna madVR, ya bure ingawa msimbo wake haukuwekwa wazi, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa chaguo lao la kwanza pamoja na MPC-HC. Tatizo la zana hizi ni muda. Mpv haina dirisha la mipangilio. Ukitaka kubadilisha kitu unaandika mistari kwenye faili la maandishi. Kwa mwenye hamu ya kujifunza hilo ni raha. Kwa aliyetoka kazini amechoka na anataka filamu ianze, ni kero, na kero hiyo ni sababu halali kabisa ya kutoa fedha.

Bei ilitoka wapi

Zamani bei ilikaa mahali pa ajabu. QuickTime ya bure ya Apple ilimnyima mtumiaji hata uwezo wa kutazama kwa skrini nzima. Ulitakiwa kununua QuickTime Pro, na ni hadi toleo la 7.2 la mwaka 2007 ndipo kufuli hilo lilipoondolewa. RealPlayer, iliyoanza mwaka 1995, ilikuwa na toleo la bure lililojaa matangazo na vishawishi vya kununua toleo la juu, hadi mwaka 2006 jarida la PC World likaiweka nafasi ya pili kwenye orodha yake ya bidhaa 25 mbaya kuliko zote za teknolojia. Chuki ya watu wengi wa rika fulani dhidi ya vicheza video vya kulipia ilizaliwa enzi hizo, na wanayo haki, kwa sababu walikuwa wanalipia kufunguliwa mlango uliofungwa makusudi.

Siku hizi mambo ni tofauti. Kodeki nyingi maarufu zimezungukwa na hataza, yaani haki za wavumbuzi kulipwa kila uvumbuzi wao unapotumika. Leseni ya H.264, kwa mfano, ilipangwa hivi: nakala 100,000 za kwanza kwa mwaka hazilipiwi, zinazofuata ni dola 0.20 kila moja, na baada ya nakala milioni 5 ada inashuka hadi dola 0.10. MPEG-2, kodeki ya DVD, ilikuwa ghali zaidi. Kuanzia mwaka 2002 ada yake ilikuwa dola 2.50 kwa kila kifaa au programu yenye kusimbua. HEVC ilileta vurugu nyingine kwa sababu wenye hataza waligawanyika katika makundi kadhaa, kila kundi likidai malipo yake.

Sasa tazama Windows. Toleo la 7 lilicheza DVD bila kuulizwa. Windows 8, mwaka 2012, iliondoa uwezo huo, na Microsoft ilieleza wazi kwamba gharama za leseni hazina maana kwenye kompyuta ambazo nyingi hazina tena kiendeshi cha diski. Baadaye ikaweka dukani programu ya kuchezea DVD kwa dola 14.99, na kiongezo cha HEVC kwa dola 0.99. Mtu anayekutana na ombi la dola 0.99 kwa sababu tu video ya simu yake haifunguki kwenye kompyuta hukasirika, na mara nyingi huilaumu kampuni kwa uchoyo. Lakini kiasi hicho kinaeleza hali halisi kuliko tangazo lolote: hapo ndipo unaona bei ya kibali ikiwa imetengwa na programu yenyewe.

Swali linalofuata ni la haki: kama vibali vinagharimu, VLC inawezaje kuvipita? Jibu lina sehemu mbili. VideoLAN, shirika lisilo la faida linaloitengeneza, liko Ufaransa, na msimamo wake ni kwamba sheria za huko na mkataba wa hataza wa Ulaya havitambui hataza za programu kwa jinsi zinavyotambuliwa Marekani. Sehemu ya pili ni ya kiutendaji. Programu huria inaruhusu kila mtu kuinakili na kuigawa tena. Hakuna anayeweza kuhesabu nakala zake, kwa hiyo ada ya kila nakala haina pa kushikia. Wasambazaji wengine hawapendi kujiweka kwenye hatari hiyo: mwaka 2022 Fedora, moja ya matoleo makubwa ya Linux, ilizima usimbuaji wa H.264 na HEVC kupitia kadi za picha kwa sababu ya wasiwasi wa kisheria, na watumiaji wake wakaona ghafla video zinaibebesha prosesa mzigo. Firefox ilipata njia nyingine: Cisco ilitoa kisimbuzi chake cha OpenH264 na kubeba yenyewe malipo ya hataza.

Kwa hiyo anayesema programu ya kulipia ni halali zaidi ana hoja ndani yake, ila uzito wake unategemea nchi aliyopo na matumizi yake. Kwa kampuni inayosakinisha programu kwenye mamia ya mashine, hoja hiyo inaweza kuwa nzito. Kwa mtu anayetazama video za harusi ya ndugu yake, sioni kama inamhusu sana. Na ardhi yenyewe inasogea: hataza za mwisho za MPEG-2 nchini Marekani ziliisha mwaka 2018, na mwaka huohuo ikatoka AV1, kodeki iliyoundwa na muungano ulioanza mwaka 2015 wenye kampuni kama Google, Netflix, Amazon, Microsoft na Mozilla, kwa lengo la kuwa na kodeki isiyodai ada. Kisimbuzi chake kinachosifiwa kwa kasi, dav1d, kimetoka kwa watu walewale wa VideoLAN.

Diski ndipo pagumu

Kama kuna mahali ambapo watetezi wa kulipia wamesimama imara, ni kwenye Blu-ray. DVD zililindwa kwa mfumo uitwao CSS wenye ufunguo wa biti 40, dhaifu hata kwa viwango vya wakati wake. Mwaka 1999 ulivunjwa na programu ya DeCSS, Jon Lech Johansen wa Norway akashtakiwa, na mwaka 2003 mahakama za nchi yake zikamwona hana hatia, kwanza katika kesi yenyewe na tena kwenye rufaa. Tangu hapo kucheza DVD kwa programu ya bure hakujawa tatizo la kiufundi, ingawa katika nchi kama Marekani sheria bado inakataza kuvunja kinga ya diski.

Blu-ray ilikuja na AACS, ambayo ni ngumu kuliko CSS kwa mbali. VLC inaweza kusoma diski hizo kinadharia, lakini haiji na funguo. Mtumiaji hutakiwa kutafuta faili la funguo mwenyewe, na hapo wengi hukwama au huingia kwenye tovuti ambazo hawakupaswa kuzigusa. PowerDVD na wenzake wana funguo rasmi, wamezilipia, na diski inaanza na menyu zake zote. Mtu mwenye rafu iliyojaa Blu-ray na kompyuta yenye kiendeshi cha diski hizo akiniuliza, nitamwambia anunue bila kusita.

Lakini ufunguo rasmi una mwenyewe, na si wewe. Mwaka 2007 funguo za WinDVD, kicheza kingine cha kulipia, zilitolewa ndani ya programu na kuvujishwa. Wasimamizi wa AACS wakazibatilisha, na kila aliyekuwa na WinDVD akalazimika kuisasisha, la sivyo diski mpya zisingecheza. Hao walikuwa wateja waliolipa na hawakufanya kosa lolote.

Kilichotokea kwa diski za 4K ni kikubwa zaidi, na ni kisa ambacho ningependa kila anayelinganisha bei akijue. Mwaka 2017 PowerDVD ikawa programu ya kwanza ya kompyuta kucheza Ultra HD Blu-ray. Kinga ya diski hizo ilidai prosesa yenye teknolojia ya Intel iitwayo SGX, pamoja na skrini, waya na kiendeshi vinavyokubaliwa. Prosesa za AMD hazikuwamo kabisa. Kisha Intel yenyewe ikaiondoa SGX kwenye prosesa zake za kawaida, kuanzia kizazi cha 11 cha kompyuta za mezani na cha 12. Matokeo yake ni kwamba mtu aliyelipia toleo la juu kabisa la programu, akanunua kiendeshi na diski, akibadilisha kompyuta yake kwa iliyo mpya na yenye nguvu zaidi, diski hazichezi. Mtengenezaji wa programu hawezi kuliponya hilo. Maoni makali yanayoonekana dhidi ya programu hizo yanatoka kwa watu wa namna hii, na yale ya kusifu yanatoka kwa watu walewale miaka michache kabla. Tarehe ya maoni ina maana kubwa kuliko idadi ya nyota.

Bure nazo si za aina moja

Upande wa pili una mkanganyiko wake. Watu husema programu za bure kana kwamba ni kundi moja, wakati VLC na GOM Player zimejengwa juu ya misingi isiyofanana hata kidogo. VLC ilianza mwaka 1996 kama mradi wa wanafunzi wa École Centrale Paris waliotaka kurusha video kwenye mtandao wa chuo chao, ikawekwa chini ya leseni huria mwaka 2001, na Januari 2025 VideoLAN ikatangaza kwamba imepakuliwa mara bilioni 6. Jean-Baptiste Kempf, anayeliongoza shirika hilo, amesema hadharani kwamba alikataa fedha nyingi za watu waliotaka kuingiza matangazo ndani yake. GOM Player ni bidhaa ya kampuni. Toleo la bure lina matangazo, na lipo toleo la kulipia lisilo nayo. PotPlayer, inayopendwa sana na watumiaji wa Windows kwa wingi wa mipangilio, ni ya bure lakini msimbo wake umefungwa na mmiliki wake ni kampuni ya Korea Kusini. Ziko pia zile zinazokuja na mfumo wa kompyuta, ambazo umezilipia ulipolipia mashine. Hili la mwisho liliwahi kuwa kesi nzito: mwaka 2004 Tume ya Ulaya iliitoza Microsoft faini ya euro milioni 497, na miongoni mwa makosa ni kuifunga Windows Media Player pamoja na Windows, kampuni ikalazimika kuuza toleo lisilo na kicheza hicho.

Kwa hiyo mtu akilalamika kwamba programu ya bure ilimjazia matangazo au ilisakinisha vitu asivyoomba, uliza ni ipi, na aliipakua wapi. Mwaka 2011 VideoLAN ilitoa onyo kuhusu tovuti zilizokuwa zikigawa VLC iliyochezewa na kupachikwa programu hasidi. Waathirika waliilaumu VLC. Pakua kwenye tovuti ya mtengenezaji mwenyewe, au kwenye hazina rasmi ya mfumo wako, na utaepuka sehemu kubwa ya balaa hilo.

Usalama haufuati bei pia. Mwaka 2017 watafiti wa Check Point walionyesha kwamba faili la manukuu lililotengenezwa kwa hila lingeweza kumpa mshambuliaji udhibiti wa kompyuta kupitia VLC, Kodi, Stremio na Popcorn Time. Zote ni za bure, na marekebisho yakatolewa. Mwaka 2019 Tume ya Ulaya ikagharimia zawadi kwa watakaogundua kasoro za kiusalama ndani ya VLC, na toleo la 3.0.7 likatoka na rundo la marekebisho. Upande mwingine, QuickTime ya Windows, bidhaa ya kampuni tajiri, iliachwa mwaka 2016 ikiwa na mianya inayojulikana, na serikali ya Marekani ikawashauri watu waiondoe kabisa. Kinachokulinda ni kama bado kuna mtu anayeitunza programu na kama wewe unaisasisha.

Utunzaji huo ndio udhaifu ninaouona wa kweli kwenye programu huria. MPC-HC ilitangaza mwisho wa kazi Julai 2017 kwa sababu watengenezaji wake walikuwa wamepungua mno. Ikaokolewa na mtu wa kujitolea aliyeendelea kuitolea matoleo, jambo linalowezekana kwa sababu msimbo uko wazi. Programu ya kampuni ikifa, haifufuki hivyo. Lakini huduma ya kujitolea haina ratiba. VLC 3.0 ilitoka Februari 2018, na watumiaji wakakaa miaka mingi kwenye tawi hilohilo wakisubiri sura mpya ya toleo la 4. Anayetaka mtu wa kumwandikia barua pepe na kujibiwa ndani ya muda fulani hana wa kumdai. Hapo programu ya kulipia inatoa kitu halisi, kama kweli kampuni yenyewe inajibu.

Kuhusu kupanga maktaba ya filamu, majalada, na kukumbuka ulipoishia, zamani hilo lilikuwa eneo la programu za kulipia kama JRiver. Siku hizi Kodi, ambayo ni huria, inafanya mengi ya hayo, ingawa sura yake imetengenezwa zaidi kwa ajili ya televisheni. Kwa wenye Mac, IINA imeivika mpv madirisha na menyu za kisasa bila malipo, na imewaondolea wengi sababu ya kununua. Infuse, kicheza cha vifaa vya Apple chenye toleo la kulipia, inaendelea kuuzika kwa sababu inaunganisha Mac, simu na televisheni ya mtu mmoja kwa namna iliyonyooka. Ukiwa na kifaa kimoja tu, faida hiyo haikuhusu. Kabla ya kulipa angalia pia kama unanunua au unajiunga kwa mwaka. PowerDVD ina njia zote mbili, na maoni ya aliyenunua mara moja hayalingani na ya anayekatwa kila mwaka.

Anayetaka kujiamulia mwenyewe asianze na orodha ya sifa. Achukue faili linalomsumbua, lile hasa, alifungue kwenye VLC iliyosasishwa, na kama picha imepauka arekebishe kipimo cha mwanga kwenye kadi ya picha kabla ya kuhukumu. Likikataa au likikwama, ajaribu mpv au MPC-HC. Kisha achukue toleo la majaribio la programu ya kulipia, azime vichujio vyote vya urembo, asimamishe fremu ileile yenye giza na kuzilinganisha. Zikifanana, tofauti iliyobaki ni ya menyu, diski na huduma, na hiyo ataipima kwa jinsi anavyotumia kompyuta yake. Akiona hana cha kununua huko, VideoLAN na FFmpeg zote zinapokea michango, na kiasi ambacho angelipia leseni kinaweza kwenda kwa watu ambao msimbo wao unamchezea video kila siku.